Hesabu ya Saa Kumi

Jumanne asubuhi mlango wa kushoto wa kabati la nguo ulikataa kufunguka. Fundi, mshonaji wa mtaa, alitaka kutoa shati la mumewe alipige pasi. Aliuvuta mlango mara mbili, akauacha, akaenda jikoni kuchukua kisu, maana alidhani mbao zimevimba kwa unyevu. Aliporudi na kuchungulia vizuri aliona kichipukizi cha kijani, chembamba kama uzi wa kudarizi, kimetoka kwenye ubao wa pembeni, kimeizunguka bawaba ya juu mara tatu na kutoa majani mawili. Akarudisha kisu jikoni. Akachukua kipande cha uzi, akakifunga kichipukizi pembeni kisije kikabanwa, akatoa shati.

“Kabati lako limeota,” alimwambia mumewe alipompelekea chai.

“Limeota nini?”

“Mmea wa kutambaa. Hivi sasa uko kwenye bawaba, kesho utakuwa kwenye soksi.”

Mumewe alivaa miwani, akaenda kuutazama. Alikaa kitandani mbele ya kabati mpaka chai ikapoa. Mmea ule aliujua. Unaota kandokando ya kijito tu, mahali jua lisipofika, na unapanda mti wa aina moja na si mwingine. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa ukimtega miguu na yeye akiutukana kwa sauti ndogo.

Alikuwa mhesabu vipepeo wa idara ya misitu, na jina lake la kazini lilikuwa Bwana Sifuri. Hakulichukia. Fomu ya idara ilikuwa na mistari arobaini, kila mstari aina moja ya kipepeo. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na kuandika kila kipepeo aliyeruka mbele ya macho yake. Mwisho wa mwaka hesabu zilijumlishwa, zikaingia kwenye rejista, namba moja kwa kila aina katika kila kitalu cha msitu. Mistari mingi ilijaa. Mstari wa thelathini na moja ulikuwa wa kipepeo adimu, pekee anayezuia kitalu kukatwa, ambaye mtaalamu mmoja wa zamani aliwahi kumwona, akamchora, akaondoka zake. Hapo Bwana Sifuri aliandika sifuri, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wake idarani, na sifuri zake zilikuwa duara kamili, utadhani amezungushia kizibo cha chupa.

Alipostaafu walimzawadia kabati. Lilitengenezwa kwa mbao za kitalu cha nne, ambacho kilikuwa kimekatwa mwaka huohuo kwa sababu rejista haikuonyesha ndani yake kitu chochote cha kuzuia msumeno. Alitia saini ya kulipokea, watu wakapiga makofi, likapakiwa kwenye gari la idara. Lilikuwa kabati zuri, zito, na Fundi alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu za mumewe.

Wiki ya pili mmea ulifika juu ya kabati na kuanza kushuka upande wa pili. Ndani kukawa na ubaridi wa kijitoni. Nguo zilitoka na umande, na ukiweka sikio kati ya makoti ulisikia maji yakipita juu ya mawe. Fundi alihamishia shuka na taulo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nguo za mumewe aliziacha humo, akisema aliyeleta msitu nyumbani ndiye avae shati bichi.

Siku ya tisa, saa kumi alasiri, kipepeo jike alitoka kabatini. Alipita kati ya koti la harusi na gauni la mazishi, akaruka chini chini, polepole, kama mama anayetafuta nyumba asiyoijua. Mabawa yake yalikuwa meusi yenye mkanda wa rangi ya maziwa, na alipoyakunja upande wa chini ulifanana kabisa na jani la mwaka jana. Alichagua jani changa, akalipapasa kwa miguu ya mbele, akakunja tumbo, akaacha yai moja. Akaenda jani jingine, akaacha jingine. Hakuweka mawili pamoja hata mara moja.

“Thelathini na moja,” alisema Bwana Sifuri.

“Mimi nimehesabu mayai sita,” alisema Fundi, ambaye alikuwa mlangoni na sindano mdomoni.

“Jina lake. Ndiye wa mstari wa thelathini na moja.”

Fundi alitoa sindano mdomoni ili aseme vizuri. “Mzuri. Miaka yote hiyo ulisema hayupo.”

“Nilisema sijamwona.”

Kuanzia hapo Bwana Sifuri alikuwa na kazi tena, na uso wake ulirudia ujana. Alisogeza kiti mbele ya kabati, akawa anamletea mkewe habari kwenye cherehani. Yai linakaa siku tano. Kiwavi anapotoka, kitu cha kwanza anachokula ni ganda alilotokea. Mwanzoni ni mweusi mwenye doa jeupe mgongoni, unaweza kuapa ni kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo nia yake. Anajivua ngozi mara nne, na mara ya mwisho anatoka kijani kibichi, ana pembe mbili laini, anakula jani akianzia ukingoni kwa utaratibu wa mtu anayekata kitambaa. Hapo Fundi alisimamisha cherehani akaja kuangalia mwenyewe, akakiri kwamba kiwavi anakata vizuri.

Halafu anatafuta kijiti, anajifunga, ananing'inia kichwa chini na kugeuka pupa. Pupa haendi popote na hali chochote, anafanana na jani kavu hadi mishipa yake. Unaweza kupita mbele yake mara mia. Baada ya siku kumi na nne anapasuka alfajiri, anatoka kipepeo mwenye mabawa yaliyojikunja kama leso iliyolaliwa mfukoni, ananing'inia mpaka yakauke, kisha anapanda juu kabisa. Huko juu ndiko anakoishi. Anashuka tu kutaga, au akisikia harufu ya tunda lililooza. Fundi akaanza kuweka ndizi zilizopita wakati kwenye kisosi juu ya kabati, na dari la chumba chao likawa jeusi na lenye mikanda ya maziwa.

Mmoja, yule jike wa kwanza, alibanwa na mlango wa kabati na bawa lake la kulia likachanika. Fundi alijilaumu siku nzima. Jioni alikata kipande cha bitana ya buluu, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akakishona kwenye bawa kwa uzi mmoja aliouchambua mara tatu. Jike alitulia mpaka mwisho wa kazi. Kesho yake alishuka kutaga kama kawaida, akiwa na kiraka, na alikuwa akiruka akiegemea kushoto kidogo tu.

Mwezi wa pili ukiisha, Bwana Sifuri aligundua jambo, akakaa nalo siku tatu kabla ya kulisema. Alilisema mezani, saa saba mchana, mikono yao ikiwa kwenye sahani moja.

“Wanashuka saa kumi,” alisema. “Kila siku. Saa tisa na nusu hawapo, saa kumi na moja hawapo.”

“Nimeona.”

“Mimi nilikuwa namaliza hesabu saa tano.”

Fundi aliacha kutafuna. Wote wawili walijua saa kumi alasiri, kwa miaka kumi na tisa, yeye alikuwa wapi. Alikuwa hapa. Gari la idara lilimshusha saa sita na nusu, ananawa, saa saba wanakula sahani moja mlango ukiwa umefungwa, halafu anajilaza kwenye mkeka miguuni pa cherehani na kumsimulia mkewe mambo ya asubuhi mpaka usingizi umchukue. Wateja walijua wasibishe hodi mpaka saa kumi na moja. Wenzao wengine waliooana mwaka mmoja nao walikuwa wameachana zamani, au walikuwa wakisalimiana kama majirani. Wao walikuwa na mchana wao.

Na fomu, kwenye kanuni ya sita, ilisema mhesabu atafanya mzunguko wa alasiri endapo ataona unafaa. Yeye hakuona unafaa. Alimpenda mkewe na alikipenda chakula chake, na kila siku saa tano na nusu alikuwa wa kwanza kupanda gari.

“Ungeniambia ningekufungia chakula,” alisema Fundi kwa sauti ya chini.

“Nisingekula peke yangu.”

Jumatano alikwenda idarani, kama alivyozoea tangu astaafu, kusoma ubao wa matangazo. Kitalu cha tano kilikuwa kinaanza kukatwa Jumatatu. Ndicho kilichokuwa kimebaki chenye kijito. Alirudi nyumbani, akasubiri saa kumi, akahesabu arobaini na mmoja, akaandika kwenye fomu ya zamani na kurudi nayo idarani kabla hawajafunga.

Ofisa wa misitu alikuwa mtu wa makamo ambaye Bwana Sifuri ndiye aliyemfundisha kufunga kamba. Alisimama, akamvutia kiti.

“Shikamoo, mzee wangu.”

“Marahaba. Nimeleta hesabu ya thelathini na moja.”

Ofisa aliisoma mara mbili. “Arobaini na mmoja. Hongera sana. Ila hapa kwenye kitalu umeandika kabati.”

“Ndimo walimo.”

“Sibishi, mzee. Tatizo ni kwamba kabati ulilitilia saini. Lilitoka mali ya idara likawa mali yako. Kipepeo aliye ndani ya kabati lako ni wako wewe na mama. Nikimwingiza kitalu cha tano nitakuwa nimekunyang'anya.” Alifungua rejista, akaigeuza ili mgeni wake aone. “Na tazama. Sifuri kumi na tisa, zote mwandiko wako. Nani humu ndani atathubutu kuufuta?”

Alisema hivyo kwa heshima ya kweli, na hiyo heshima ndiyo iliyouma. Bwana Sifuri alizitazama sifuri zake. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Angelipa chochote ziwe zimepinda kidogo.

“Lakini mwaka huu hauna hesabu,” ofisa aliendelea. “Nafasi yako haijajazwa. Nenda kitalu cha tano wewe mwenyewe, uhesabu, uniletee Ijumaa kabla ya saa sita. Nitaiingiza, tuone itasemaje.”

Alhamisi Fundi alifunika cherehani kwa shuka, akafunga chakula kwenye kikapu, wakaenda wote wawili. Walitembea polepole kwa sababu ya magoti ya mzee. Fundi alikuwa hajawahi kuiona kamba. Aliigusa njia nzima kwa vidole, akasema imefungwa vizuri, mafundo ya mtu aliyeoa fundi. Saa saba walikula kando ya kijito, sahani moja, na kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kufunga walikaa wakitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza chakula cha mchana kuliwa mahali kilipostahili kuliwa, na Bwana Sifuri aliwaza hivyo.

Saa tisa Fundi aliegemea mti ulioparamiwa na mmea wao, akainua macho.

“Haya majani makavu mbona hayaanguki na upepo huu?”

Mumewe alisogea, akavaa miwani. Yalikuwa yananing'inia chini ya tawi, kichwa chini, kila moja limejifunga kwa uzi wake. “Pupa,” alisema. “Ni yeye. Wiki mbili watakuwa wanaruka.”

Fundi alihesabu kwa ncha ya kidole, kama anavyohesabu vifungo. “Kumi. Andika kumi, twende nyumbani.”

“Fomu inasema warukao.”

“Wataruka.”

“Misumeno inakuja Jumatatu.”

“Ndiyo maana nakwambia andika.”

Hakuandika. Walisubiri. Saa kumi ilifika na hakuna kilichoshuka kutoka vileleni. Wakati Fundi anakunja kitambaa cha kikapu, chini yake akatoka kipepeo mmoja, akaegemea kushoto, akazunguka mti, akatua kwenye jani changa. Kiraka cha buluu kilionekana wazi. Alikunja tumbo, akaacha yai, akaondoka kutafuta jani jingine, bila papara, kama aliye kwao.

“Huyo anaruka,” alisema Fundi.

“Huyo tumekuja naye.”

“Kwani wewe umezaliwa humu?”

Chini ya fomu palikuwa na mstari uliochapwa: Nathibitisha kwamba niliowahesabu nimewakuta hapa. Bwana Sifuri alikuwa ametia saini mstari huo maelfu ya mara na hakuwahi kudanganya hata kwa bawa moja. Alimtazama jike yule mpaka machozi yakamlenga. Alimpenda, alimpenda na mkewe, aliwapenda wale kumi wasioweza kuruka, na aliona aibu ya miaka kumi na tisa. Akapiga moyo konde. Kwenye mstari wa thelathini na moja akaandika moja. Ile moja ikatoka imepinda.

Fundi alichungulia begani pake. “Ukiamua kudanganya, mume wangu, danganya ya kushiba,” alisema, lakini alisema huku akimshika mkono.

Ijumaa ofisa aliipokea fomu kwa mikono miwili. Alifurahi, tena ilionekana. Alivuta mashine ya hesabu, akajumlisha miaka yote ishirini, akagawanya.

“Moja kwa ishirini. Nukta sifuri tano,” alisema. “Sasa, rejista haipokei nukta, mzee. Kilicho chini ya nusu kinashuka.”

“Na kikifika nusu?”

“Kinapanda. Nusu inaandikwa moja, na penye moja hapakatwi. Kanuni iko hivyo.”

Bwana Sifuri hakuhitaji mashine kujua nusu ya ishirini. Kumi ingetosha. Alikaa kwenye kiti alichovutiwa, mikono magotini, wakati ofisa akiandika sifuri ya ishirini. Alijitahidi kuiga mwandiko wa mwalimu wake, na kwa kweli aliikaribia.

Nyumbani alimwambia mkewe. Fundi hakusema “nilikwambia,” ingawa alikuwa amemwambia. Alimpakulia chakula, akakaa karibu zaidi ya kawaida, na vipande vizuri akavisukuma upande wa mumewe.

Jumatatu misumeno ilianza saa moja asubuhi na sauti ilifika mpaka mtaani kwao. Fundi alikaa kwenye cherehani, akaikanyaga kutwa nzima bila kupumzika. Mumewe alilala kwenye mkeka miguuni pake, macho wazi, akasikiliza cherehani. Ilipofika jioni, aliinuka na kuona kwamba chini ya sindano hapakuwa na nguo yoyote.

Miezi minne baadaye gari la idara lilisimama mlangoni. Walileta meza ya kulia chakula, na barua iliyosema idara inatambua moyo wa mstaafu aliyejitolea kufanya hesabu bila kuomba malipo. Meza ilikuwa ya mbao za kitalu cha tano. Bwana Sifuri alitia saini, dereva akamshika mkono.

Siku ya pili Fundi alipokuwa anafagia chini ya meza aliona majani makavu yamening'inia upande wa ndani wa ubao, kichwa chini. Seremala alikuwa amepaka vanishi kwa uangalifu, akiyazunguka. Fundi hakuyafagia. Aliinuka, akamwambia mumewe kwamba kuanzia sasa chakula cha mchana ni saa kumi.

“Wateja je?”

“Wataambiwa waje saa mbili usiku. Hawatakufa kwa suruali zisizo na pindo.”

Ikawa hivyo. Wiki mbili walikula saa kumi, njaa ikiwa imewauma vya kutosha, mlango wa nyumba umefungwa na mlango wa kabati uko wazi. Mguu wa meza upande wa Fundi ulichipua majani mawili, naye akaufunga uzi wa kuuongoza. Yule jike wa kiraka alikuwa amekufa baada ya kutaga yai lake la mwisho, kama inavyokuwa kwao, na Fundi alikuwa amemweka kwenye kopo la vifungo.

Siku ya kumi na nne, walipokuwa wameshanawa, kitu kilipasuka chini ya ubao kwa sauti ndogo ya mshono unaoachia. Kisha kingine. Ilikuwa alasiri badala ya alfajiri, ila hawa walikuwa wamecheleweshwa na wasingeweza kulaumiwa. Walitoka mmoja mmoja, wakapanda ukingoni mwa meza, wakaning'iniza mabawa yakauke kuzunguka sahani yote. Bwana Sifuri alitoa fomu, akavaa miwani, akaandika siku na saa. Kwenye kitalu akaandika: nyumbani. Wa kwanza alipoinuka kuelekea dari, alianza kuhesabu kwa midomo, na Fundi alimsubiri mkono wake ukiwa juu ya chakula.

“Wangapi?” aliuliza alipoona kalamu imesimama.

“Kumi.”

Fundi alitazama mezani, kisha akamtazama mumewe. Akaitoa fomu mbele yake taratibu, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kopo la vifungo pamoja na zile za kabati.

“Kula,” akamwambia. “Kinapoa.”